Kilomita Mbili za Mlimani

"Bado wawili tunaondoka!" Konda alikuwa anasema hivyo tangu saa moja na nusu asubuhi, na sasa ilikuwa inakaribia saa tatu. Ndani ya Noah, kigari chetu cha abiria, tulikuwa sita. Siti ya mbele yangu alikaa meku, yaani mzee, mmoja mwenye koti zito la kijivu na kofia ya sufu, mkononi ameshika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili, ile ambayo mtu yeyote wa mlimani akiiona anajua ndani kuna kadi ya kliniki na karatasi za vipimo. Pembeni yake mama mwenye mikungu miwili ya ndizi, mmoja umelazwa nyuma kwenye buti, mwingine umebanwa katikati ya magoti yake kama mtoto anayetaka kukimbia. Konda alipopiga kelele tena, meku akageuka, akaniambia kwa sauti ya chini: "Hao wawili wameshashuka na pikipiki."

Tulikuwa juu ya mgongo mmoja wa Old Moshi, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, pale barabara inapoanza kuinamia Kiboriloni. Ukisimama hapo asubuhi isiyo na ukungu unauona mji wa Moshi wote, mabati yanang'aa, unaweza hata kukisia soko la Mbuyuni liko upande gani. Mji uko miguuni mwako. Lakini tulikuwa tumekaa saa nzima na nusu tukiuangalia.

Kwa makaratasi, kijiji kile hakina shida ya usafiri. Kipimo kinachotumika duniani kupima kama watu wa vijijini wanafikiwa kilianzia Benki ya Dunia mwaka 2006, na baadaye kikaingizwa kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu kama kiashiria namba 9.1.1. Kinauliza jambo moja tu: katika wakazi wote wa vijijini, ni wangapi wanaishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima? Kilomita 2 zilichaguliwa kwa sababu zinahesabiwa kuwa mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa mguu. Siku hizi kazi hiyo inafanyika kwenye kompyuta. Unachukua ramani ya watu, unailaza juu ya ramani ya barabara, unachora ukanda wa kilomita 2 huku na huku, halafu unahesabu vichwa vilivyoangukia ndani ya ukanda.

Kipimo hiki si kibaya. Ukikipeleka kwenye nchi tambarare, kule ambako kijiji kimoja na kingine vinatenganishwa na pori la kutwa nzima, kinakuambia ukweli mchungu unaotakiwa kusikika. Tatizo linaanza unapokileta Uchaggani, kwa sababu mlima haujawahi kuwa karatasi.

Mtu aliyezaliwa Uru, Mbokomu, Kirua au Kilema hahitaji kuelezwa jinsi mlima ulivyokatwa. Mito inayoshuka kutoka msituni imechimba makorongo, na kati ya korongo na korongo umebaki mgongo wa ardhi unaoshuka kuelekea tambarare. Watu wanaishi migongoni. Zamani migongo hii ilikuwa nchi mbalimbali, kila moja na mangi (mtawala) wake na lafudhi yake, na mpaka leo ukimsikia mtu anaongea Kichagga unaweza kumjua ametoka mgongo upi. Barabara nazo zilifuata mtindo huohuo: zinapanda na kushuka na mgongo, kutoka msituni hadi barabara kuu ya lami inayopita chini, kama meno ya chanuo yaliyoshikwa na mti mmoja. Kahawa ilikuwa inashuka kwenda mjini, na barabara zikashuka nayo. Hakuna aliyekuwa na haja kubwa ya kupeleka kahawa ya Old Moshi Mbokomu.

Matokeo yake ni kwamba shule, zahanati au ukoo wa mke wako unaweza kuwa ng'ambo ya korongo, unauona moshi wa jiko lao, ukimwita mtu kwa sauti anaitika, lakini kwa gari lazima ushuke mpaka chini kwenye lami, utembee na lami kidogo, kisha upande upya mgongo wa pili. Kwenye kompyuta, yule anayeishi ukingoni mwa korongo ana bahati: yuko ndani ya kilomita 2 za barabara mbili, ya upande wake na ya ng'ambo. Kwa mguu, barabara ya ng'ambo ni ya kuteremka kwa kushikilia mizizi, kuvuka mto juu ya magogo mawili, halafu kupanda ukuta wa tope jekundu. Wakati wa masika magogo yenyewe huwa yamekwenda na maji.

Hata barabara ya upande wake mwenyewe si rahisi kama ukanda wa ramani unavyodai. Kilomita 2 za kushuka na kilomita 2 za kupanda ni umbali mmoja kwa mpimaji tu. Jaribu kuzipanda ukiwa na miaka 74 na goti linalovimba. Zile dakika 25 zilizoandikwa kwenye kipimo zinakuwa saa nzima, na ukifika juu huna hamu ya kuongea na mtu.

Sasa tuje kwenye watu wenyewe, kwa sababu hapo ndipo ninapoona takwimu zinatusaliti zaidi.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu kwa kigezo cha usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti: umelala wapi, unahesabiwa huko. Mkoa wa Kilimanjaro ukapata watu 1,861,934, kutoka 1,640,087 wa mwaka 2012. Hilo ni ongezeko la wastani wa asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati taifa zima lilikuwa linakua kwa asilimia 3.2 na kufikia watu 61,741,120. Majirani zetu wa Mkoa wa Arusha walitoka 1,694,310 wakafika 2,356,255. Yaani mwaka 2012 mikoa hii miwili ilikuwa karibu sawa, na miaka kumi baadaye Arusha ilikuwa imetuacha kwa karibu watu nusu milioni.

Kila mtu hapa anajua wamekwenda wapi. Kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, hakiongezeki. Baba amekigawa kwa vijana wawili, vijana nao wamekigawa kwa watoto, mwisho mtu anarithi migomba kumi na miwili na mkahawa mmoja uliozeeka. Kijana anafunga begi anakwenda Arusha, Dar es Salaam, Mwanza, popote penye duka la kufungua. Wanaobaki ni wazee, na wajukuu walioachiwa wazee. Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa zaidi ya wazee wa miaka 60 na kuendelea nchini. Kichwa kilichohesabiwa kule juu usiku ule wa Agosti, mara nyingi sana, kilikuwa na mvi.

Anayepanga usafiri anasoma ukuaji wa asilimia 1.3 na kusema mahitaji hayajaongezeka. Ningemuuliza: mahitaji ya nani? Kijana wa miaka 22 anashuka mjini kwa mguu akiimba. Akizeeka ndipo anapohitaji gari, tena anakuwa analihitaji siku ambayo hawezi kuahirisha, kwa sababu tarehe ya kliniki imeandikwa kwenye kadi. Kijiji kinaweza kubaki na idadi ileile ya watu kwa miaka ishirini na hitaji lake la usafiri likabadilika kabisa, kwa sababu tu watu wale wamezeeka.

Halafu kuna Desemba. Agosti inahesabu waliolala nyumbani, lakini nyumbani kwa Mchagga ni pale kilipo kihamba na makaburi, hata kama amekaa Kariakoo miaka thelathini. Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba mlima unajaa. Barabara ambayo Oktoba ilipitisha Noah mbili na toyo la matairi matatu lililobeba mchanga inabeba magari ya namba zote, mbuzi, kreti za soda na familia zilizosongamana. Ndipo utakapowasikia wenye magari wanalalamika: barabara ya nyumbani mbovu, tufanye harambee tuweke lami! Tarehe mbili Januari wanaondoka, na malalamiko yanaondoka nao mpaka mwakani. Siwalaumu, mimi mwenyewe nimo. Ila nimegundua kuwa sauti kubwa zaidi kuhusu barabara za mlimani ni ya watu wanaozitumia siku kumi kwa mwaka, nao wanaizungumzia barabara wakiwa wameshika usukani. Meku wangu wa bahasha ya kaki hana usukani. Haulizi kama kuna lami. Anauliza kama kuna gari.

Hayo ni maswali mawili tofauti, na nadhani kuyachanganya ndiko kumetufikisha hapa.

Kwa nini hakuna gari? Tufanye hesabu ndogo ya kubuni. Sema kwenye kituo cha juu anafika abiria mmoja kila baada ya dakika 10, na Noah inasubiri abiria wanane ndipo iondoke. Itajaa baada ya dakika 80. Sasa ije pikipiki, ichukue abiria mmoja katika kila wawili, yule mwenye haraka na mwenye hela kidogo ya ziada. Noah ileile itajaa baada ya dakika 160, yaani saa mbili na dakika 40. Abiria wanaofuata wakiona foleni imelala, na wao wanaitafuta pikipiki. Noah inazidi kuchelewa. Mwisho dereva, ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa bosi iwe gari limejaa au halikujaa, anaona bora ashuke akabangaize kwenye lami kuelekea Himo ambako vichwa vipo muda wote. Kule juu anarudi siku ya soko tu.

Vijana wa kijiweni watanishukia kwa haya, kwa hiyo niseme wazi: sina ugomvi na bodaboda. Usiku wa manane mtoto akipata degedege, anayekuja ni yeye. Kaleta dawa, kaleta gesi, kapeleka habari za msiba mpaka mlangoni. Ila soko la usafiri likiachiwa lijipange lenyewe, linawabakiza kwenye Noah wale tu wasioweza kupanda pikipiki: mzee wa magoti, mama wa mikungu miwili, mjamzito wa miezi minane, aliyembeba mgonjwa. Wanalipa nauli ndogo kwa shilingi na kubwa kwa muda. Wakishindwa kusubiri, wanapanda hivyohivyo, na mishikaki ya watu watatu juu ya pikipiki moja kwenye mteremko wenye changarawe ni picha ambayo sitaki kuielezea.

Nauli nayo ina kasoro ileile ya ramani. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, inapanga nauli kwa kilomita. Kilomita ya mlimani inapandwa kwa gia ya kwanza, inakula mafuta, inamaliza breki wakati wa kushuka, inatoboa matairi. Dereva anajua hivyo hata kama jedwali la nauli halijui. Ndiyo maana kuna nauli ya kwenye karatasi na kuna nauli ya mlimani, na abiria wanalipa ya pili bila ubishi kwa sababu mbadala ni kutembea.

Najua nitaambiwa suluhisho ni fedha za barabara. Zinahitajika, hakuna ubishi. Tangu mwaka 2017 barabara hizi ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini mwenye mtandao wa takriban kilomita 144,000, ilhali TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ina zaidi ya 36,000. Katika mgawo wa Mfuko wa Barabara, kwa miaka, TARURA imekuwa ikipata asilimia 30 na TANROADS 70. Mwaka wa fedha 2021/22 ikaongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na matunda yake yameonekana: kwenye vilima vikali vimewekwa vipande vya zege, na hilo kwangu ndilo jambo la maana kuliko lami ya mita mia mbili mbele ya ofisi. Gari halikwami kwenye tambarare. Linakwama kwenye vile vipande vitatu vinavyojulikana kwa majina, na zege pale inafungua barabara nzima.

Lakini hata fedha zikimwagika, mlimani kuna jambo ambalo mgeni halioni. Mkoa una takriban watu 140 kwa kila kilomita ya mraba, karibu mara mbili ya wastani wa nchi, na hapo umeingiza hifadhi ya mlima isiyo na mkazi na tambarare zenye watu wachache. Ukanda wa migomba wenyewe umebanana kuliko namba hiyo inavyoonyesha. Watu wengi ni hoja ya kujengewa barabara, na watu haohao wengi ndio wanaoizuia. Kupanua barabara kwa mita mbili maana yake ni kung'oa masale, mimea inayopandwa mpakani, kukata migomba ya mtu ambaye anayo michache, kusogeza mfereji wa mfongo unaonyweshea nyumba nyingi chini, na wakati mwingine kufika kwenye kaburi. Nimewahi kushuhudia mzee akisimama na upanga mbele ya mpimaji, hana hasira hata kidogo, anasema kwa adabu kabisa, "Mwanangu, hapa amelala baba yangu. Barabara ipite, lakini imzunguke." Ikamzunguka. Kona ile ipo mpaka leo, magari mawili hayapishani, na hakuna mtu kijijini anayeilalamikia.

Kwa hiyo ningeanzia kwingine. Kuna mfano tunao hapahapa nchini, nao unaitwa m-mama. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, unapiga namba 115 bure, kituo cha uratibu kinatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu kinampigia dereva wa kawaida wa eneo lile aliyesajiliwa, mwenye teksi au Noah yake, anakwenda kumchukua mgonjwa na kulipwa. Mpango huu ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022. Kilichonivutia si teknolojia. Ni kwamba serikali ilikubali kulipia safari. Haikusubiri kununua gari jipya la wagonjwa kwa kila kijiji. Ililikuta gari lipo, dereva yupo, kilichokosekana ni mtu wa kumhakikishia malipo.

Mzee wa kliniki ana tofauti gani? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Vizuri sana. Ila matibabu ya bure yako hospitalini na mzee yuko mgongoni, na kati yao kuna pikipiki ambayo nauli yake ya kwenda na kurudi inameza hela ya mafuta ya taa na sukari ya wiki. Wengi wanafanya wanachofanya watu wenye busara: wanaruka mwezi mmoja. Dawa za presha za mwezi zinagawanywa zitoshe miezi miwili. Kisha tunashangaa mzee kaanguka ghafla.

Hapa halmashauri haihitaji kilomita hata moja ya lami. Kliniki ya presha na sukari ina siku zake zinazojulikana. Kata moja ikikubaliana na dereva mmoja kwamba kila siku hiyo saa moja kamili Noah inaondoka, wawe wanane au watatu, na viti vitakavyobaki vitupu vilipiwe, meku hana haja ya kusubiri wale wawili. Tena nina hakika viti vitupu vitakuwa vichache kadiri wiki zinavyokwenda, kwa sababu abiria anakwenda penye uhakika wa saa. Wengi wanaopanda pikipiki leo wanaikimbia foleni, na Noah wangeipanda.

Na makorongo tuyape madaraja ya watu wa miguu. Madogo, ya chuma, yenye pa kushika pande zote mbili. Daraja moja la aina hiyo likiunganisha migongo miwili, zahanati iliyokuwa safari ya magari mawili inakuwa matembezi, na wanafunzi wanaacha kuvuka juu ya magogo. Lakini hakuna mbunge aliyewahi kupigiwa vigelegele kwa daraja lisilopitisha gari.

Nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja mlimani humo, mwaka uliopita, uliokuwa unataja vipaumbele vya kupeleka wilayani. Walizungumza wanaume watano mfululizo, wote lami. Bibi mmoja aliyekaa kwenye mizizi ya mringaringa akainua mkono, akapewa nafasi mwishoni watu wameshaanza kukung'uta nguo. Akasema yeye haombi lami, anaomba yale magogo ya mtoni yafungiwe kamba ya kushika, kwa sababu mjukuu wake anavuka kwenda shule na mvua za vuli zimekaribia. Watu wakacheka kidogo, cheko la upendo tu. Mwenyekiti akamwambia, "Asante bibi, tumekusikia," na karani akafunga daftari. Mkutano ulipotawanyika nikamwomba nilione. Ukurasa mzima, mwandiko mzuri: lami, lami, taa za barabarani, lami.